Mgonjwa Yuko Kwenye Benchi: Kozi za Mtandaoni na Watumishi wa Afya ya Msingi



Mada niliyopewa, kozi za mtandaoni kwa watumishi wa afya ya msingi, ina mashabiki wa pande mbili. Wapo wanaoamini kwamba ukishampa muuguzi wa kijijini simu janja na bando, umemfundisha. Wapo na wengine, wengi wao wa rika langu, wasiohesabu kuwa elimu kitu chochote kisichofundishwa ubaoni au kando ya kitanda cha mgonjwa. Sikuja kuwapatanisha. Nina hoja moja tu, na nitaizunguka mpaka mwenyekiti wa kikao anikatize: kozi ya mtandaoni humfaa mtumishi wa zahanati pale inapoanza na mgonjwa wake na kuishia kwa mgonjwa wake. Ikishindwa hilo, kinachobaki ni cheti.

Tukumbushane tunamzungumzia nani. Saa mbili asubuhi, zahanati ya kijiji, benchi limejaa. Yupo mtoto anayekohoa na kuhema haraka. Yupo mjamzito aliyekuja hudhurio la kwanza na mimba ya miezi sita. Yupo mzee wa presha aliyeacha dawa kwa sababu alijisikia amepona. Kijana wa bodaboda ana jeraha gotini, na nyuma yake ameketi mama anayesema mwili wote unamuuma na usiku halali. Katika hospitali ya rufaa watu hawa wangegawanywa milango mitano tofauti, kila mlango na bingwa wake. Hapa mlango ni mmoja. Tabibu au muuguzi aliye nyuma ya meza ndiye daktari wa watoto, ndiye mkunga, ndiye mshauri wa afya ya akili, na jioni ndiye atakayejaza vitabu vya MTUHA, vya taarifa za huduma. Tumezoea kuiita huduma hii ya chini. Kwa maoni yangu ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika tiba, kwa kuwa mwenye kuifanya hajui mlango utakapofunguliwa ataingia nani.

Na maarifa aliyotoka nayo chuoni hayakai. Chukueni malaria peke yake. Tabibu aliyehitimu Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990 alifundishwa klorokwini. Mwaka 2001 serikali ikaiondoa kwenye nafasi ya kwanza na kuweka dawa ya SP. Mwishoni mwa 2006 sera ikahamia dawa ya mseto, ALu. Baadaye kikaja kipimo cha haraka, na mazoea ya kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria yakalazimika kufa. Ugonjwa mmoja, chini ya miaka 20, na mtumishi yule yule amelazimika kusahau na kujifunza upya mara tatu. Bado hatujataja miongozo ya VVU, chanjo, kisukari na uzazi wa mpango.

Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa semina. Barua inafika kwa mganga mfawidhi, anateua mtu, mtu anapanda basi kwenda makao makuu ya mkoa, anakaa siku tano ukumbini akitazama chati mgeuzo, anakunywa chai ya saa nne, anasaini karatasi ya posho na kurudi. Sizibezi semina, nimeendesha nyingi, na mkono mtupu haulambwi. Lakini fanyeni hesabu ya zahanati yenye watumishi wawili. Mmoja yuko likizo ya uzazi, wa pili yuko semina. Mlango umefungwa wiki nzima ili mwenye ufunguo akajifunze namna ya kuwahudumia waliosimama nje. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 hadi 2017, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo yakiongezeka namna hiyo, watumishi wa kuyajaza wanatawanyika mbali zaidi na vyuo, na semina ya ukumbini inazidi kuwa ghali. Sababu ya kwanza ya kuipenda kozi ya mtandaoni ni hii: mtumishi anajifunza bila kufunga mlango.

Wala kufundisha afya kwa masafa si ugeni kwetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, kwa wiki 12. Watu wapatao milioni mbili walishiriki katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Walizungumzia malaria, safura, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu na maji safi. Wengi hukumbuka redio na nyimbo zake. Mimi hukumbuka viongozi wa vikundi, waliokuwa makumi ya maelfu, waliofundishwa kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa. Kipindi kikiisha, kiongozi anafungua kijitabu, kikundi kinajadili, kisha kinaamua kufanya nini wiki hiyo: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Vilichimbwa vyoo mamia ya maelfu. Redio haikushika jembe hata siku moja. Ilikuwa na mtu wa kuipokea upande wa pili, na kazi ya kufanya kabla ya kipindi kijacho. Nikipewa kozi ya mtandaoni niikague, hayo mawili ndiyo ninayoyatafuta kwanza.

Majirani zetu Kenya walikuwa na mzigo wa aina nyingine. Walikuwa na wauguzi wa ngazi ya cheti wapatao 22,000, uti wa mgongo wa vituo vya vijijini, waliotakiwa kupandishwa hadi stashahada. Kwa nafasi zilizokuwepo vyuoni, kazi hiyo ingechukua zaidi ya karne. Mwaka 2005 shirika la Amref, kwa kushirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya na wadau wengine, walianzisha mpango wa kuwafundisha kwa kompyuta. Vituo vya kujifunzia vikasambazwa mikoani na muuguzi akasoma bila kuacha kazi. Maelfu walihitimu. Jambo ninalotaka mlishike ni kwamba mafunzo ya vitendo hayakuwekwa kwenye kompyuta. Muuguzi alisoma nadharia kwenye skrini, kisha akaenda wodini chini ya msimamizi aliyemtazama akifanya. Anayetaka kuiga mpango huo asinunue kompyuta akamsahau msimamizi.

Sasa nataka tusogee karibu zaidi, kwa sababu kusema tu kwamba nadharia iende mtandaoni na vitendo vibaki wodini ni rahisi mno, na si kweli kabisa. Kuna mambo ya vitendo ambayo skrini huyafundisha vizuri kuliko mimi.

Mchukueni yule mtoto anayekohoa. Utaratibu wa IMCI, unaotumika katika vituo vyetu kutibu magonjwa ya watoto kwa mpangilio mmoja, unamtaka mtumishi ahesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Mwenye miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Hayo yanakaririka. Kinachosumbua ni kuiona ile sehemu ya chini ya kifua inavyoingia ndani mtoto anapovuta pumzi. Kitabu kinaeleza kwa mstari mmoja na mchoro mweusi. Darasani nilikuwa nategemea bahati: siku ile wodini awepo mtoto mwenye dalili hiyo, na wanafunzi 30 wasimsonge. Video ya nusu dakika inaumaliza mjadala. Mwanafunzi anaitazama mara kumi, anasimamisha, anarudisha nyuma, analinganisha kifua kinachobonyea na kisichobonyea, wala hakuna mtoto anayelia kwa kuzungukwa na makoti meupe. Kwa upele, kwa macho ya upungufu wa damu, kwa mwendo wa mgonjwa wa kiharusi, kwa degedege la dakika moja ambalo mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kulishuhudia, skrini ni mwalimu bora. Ninalisema hili nikijua baadhi ya wakufunzi wenzangu hawatafurahi.

Lakini tazameni upande wa pili. Mtoto amezaliwa, halii, hapumui. Mkunga ana kama dakika moja, ile inayoitwa dakika ya dhahabu, ya kumkausha, kumsisimua, kusafisha njia ya hewa ikihitajika, kisha kuanza kumpulizia hewa kwa barakoa na mfuko wa Ambu. Hatua zenyewe zinaenea kwenye karatasi moja yenye picha. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ilifanya jambo ambalo wachache wetu tungethubutu: iliwafundisha watumishi wake kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto apumue, kisha ikawapima mara mbili, kwenye mdoli na kwenye chumba cha kujifungulia. Miezi saba baada ya kozi, waliofaulu zoezi la mdoli walikuwa wamepanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Matokeo kama hayo yangetosha kumfurahisha mfadhili yeyote. Kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto wa kweli, hakikubadilika kitu cha maana.

Kozi ile ilikuwa ya ana kwa ana, yenye mdoli na mkufunzi aliyesimama mbele ya watu. Kama siku moja ya kushika kifaa kwa mikono haikuvuka mlango wa chumba cha kujifungulia, mnatarajia nini kutoka kwa slaidi 40 na maswali kumi ya kuchagua?

Haydom hawakukata tamaa. Waliuweka mdoli pale pale kazini, wakaanza mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na marudio marefu zaidi kila mwezi. Mkunga anaingia zamu, anashika mfuko, anapuliza, mwenzake anatazama kama kifua cha mdoli kinapanda, anamsahihisha namna ya kukaza barakoa, wanaendelea na kazi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Safari hii mwalimu hakuwa bingwa kutoka mjini. Alikuwa mwenzake wa zamu.

Ndiyo maana ninaposikia swali kama kozi za mtandaoni zinafaa au hazifai, huwa nauliza: zinafaa kwa kitu gani, na baada ya kozi nani atakuwa pembeni? Kwa jicho, mtandao unatosha. Kwa mkono, unaweza kumkumbusha mtu ratiba ya mazoezi na kumwonyesha mfano, lakini mfuko wa Ambu lazima uwepo kituoni, na awepo mtu wa kumwambia hewa inavuja.

Liko na fungu la tatu, si la jicho wala la mkono, na ndilo linalomtesa zaidi mtumishi wa afya ya msingi: maamuzi. Mzee wa presha ana kisukari pia, figo zake zinatia shaka, na kituoni kuna dawa mbili tu. Nimpe ipi? Nimpe rufaa, wakati hospitali ni safari ya siku nzima na nauli hana? Hakuna moduli iliyoandikwa kwa ajili ya mzee huyo. Hapa nitawapeleka mbali kidogo, New Mexico, jimbo la Marekani lenye miji michache na masafa marefu.

Daktari Sanjeev Arora, bingwa wa ini mjini Albuquerque, alikuwa na kliniki ya homa ya ini aina ya C ambayo wagonjwa waliingoja miezi minane. Wengine walisafiri mamia ya kilomita kuifikia. Mwaka 2003 alianzisha mpango unaoitwa ECHO. Hakuandika kozi. Kila wiki, saa ile ile, matabibu wa vijijini na wa magerezani waliunganishwa kwa video na jopo la mabingwa. Mmoja anaeleza mgonjwa wake bila kumtaja jina: umri, vipimo alivyonavyo, dawa alizojaribu, mahali alipokwama. Wenzake wa vituo vingine wanauliza maswali. Kisha bingwa, mfamasia na mtaalamu wa afya ya akili wanashauri. Mada ya kufundishwa ipo, ila ni fupi. Mgonjwa anabaki mikononi mwa tabibu wake, na wiki kadhaa baadaye tabibu huyo anarudi kueleza yaliyotokea.

Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa katika New England Journal of Medicine, yakihusu wagonjwa 407. Waliotibiwa na mabingwa wa chuo kikuu, asilimia 57.5 virusi viliondoka. Waliotibiwa na matabibu wa vijijini na magerezani chini ya mpango huo, asilimia 58.2. Madhara makubwa ya dawa yalikuwa machache zaidi kwa waliotibiwa karibu na kwao. Mabingwa wetu mlioko hapa msihuzunike. Hakuna aliyesema hamna kazi. Kazi yenu imebadilika: badala ya kumwona mgonjwa mmoja, mnamsikiliza tabibu mmoja huku wenzake 20 wakisikia.

Njia hiyo imeshafika Afrika. Namibia waliianza mwaka 2015 kwa huduma za VVU, na hata Kenya na Tanzania vipo vikao vya namna hiyo. Nikiambiwa nichague kati ya maktaba ya kozi 200 zilizorekodiwa na saa moja ya kikao kama hicho kila wiki, sitachelewa kujibu. Muuguzi aliyekwama hahitaji sauti iliyorekodiwa mwaka juzi. Anahitaji mtu anayeweza kumuuliza: umempima sukari?

Basi tutazame kozi zinazomfikia kwa kweli. Leseni ya taaluma siku hizi inadai pointi za mafunzo endelevu, na hilo ni jema. Lakini pointi zikihesabiwa kwa vyeti, watu watatafuta vyeti. Nani hapa asiyejua jinsi video inavyoachwa ijiendeshe yenyewe huku mwenye simu anakoroga uji? Nani hajaona majibu ya mtihani yakizunguka kwenye kundi la WhatsApp? Siwalaumu sana. Mtumishi amehudumia benchi zima, amefika nyumbani usiku, ananunua bando kwa mshahara wake, video inaganda katikati, anaambiwa aanze upya. Tumemwondolea posho ya semina tukamwachia gharama ya kozi, kisha tunashangaa anabonyeza “endelea” bila kusoma.

Maudhui nayo yana lake. Zipo kozi nzuri sana zilizoandikwa kwa ajili ya kliniki isiyofanana na yetu hata kidogo. Zinamwambia muuguzi aagize kipimo cha picha ambacho hata hospitali ya wilaya haina. Zinamfundisha dawa isiyokuwemo katika orodha ya dawa muhimu ya nchi. Na nyingi ni za Kiingereza, ilhali kazi yake nzima ataifanya kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijiji. Yule mama asiyelala usiku hatasema ana sonona. Atasema ana mawazo, moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto. Muuguzi aliyefundishwa maswali ya sonona kwa Kiingereza tu atamwandikia dawa ya maumivu na kumwita anayefuata. Mazungumzo na mgonjwa ni sehemu ya tiba, na hayafundishiki kwa lugha ambayo mgonjwa haijui.

Tanzania tuliwahi kufanya vizuri zaidi ya hapo bila mtandao. Kozi kamili ya IMCI ilichukua siku 11 na iligharimu fedha nyingi, ikajaribiwa njia ya masafa: washiriki wanakutana mara tatu, siku chache tu, na kati ya mikutano wanasoma moduli wakiwa kituoni na kufanyia mazoezi wagonjwa wao wenyewe. Maswali ya mkutano wa pili yalitoka kwenye benchi la zahanati. Weka moduli hizo kwenye simu, ziweze kupakuliwa mara moja na kusomwa bila intaneti, ongeza kikao cha video cha kila wiki, na mazoezi ya mkono ya dakika tano kituoni: hiyo ndiyo kozi ninayoitetea. Haina teknolojia yoyote ya kustaajabisha, na hilo kwangu ni sifa.

Nimalizie kwa walioshika mafungu. Waganga wakuu wa halmashauri na wakurugenzi, mnapoandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wa mwaka ujao, wekeni humo mambo matatu. Saa mbili kwa wiki za kujifunza, ziandikwe kwenye ratiba ya zamu kama zinavyoandikwa saa za kliniki, ili mtumishi asome akiwa kazini. Bando la kituo, lilipwe na kituo. Na muuguzi au tabibu mmoja mzoefu kwa kila vituo vichache, mwenye nauli ya kuwatembelea wenzake na kutazama wanavyofanya. Mabaraza ya taaluma, toeni pointi nyingi zaidi kwa aliyewasilisha mgonjwa wake mbele ya wenzake kuliko kwa aliyepakua cheti. Nanyi wakufunzi mnaotunga kozi hizi, kabla hamjarekodi somo la kwanza, nendeni mkakae siku moja katika zahanati, mwandike waliokuja na walichosema. Tungeni kozi kutokana na orodha hiyo.